Kanisani Wametangaza Nimepona Kifafa, Nami Bado Naanguka

Shikamoo Mzee Mshauri,

Nakuandikia kwa sababu sina mtu wa kumweleza haya ana kwa ana, na naomba uvumilie urefu wa barua hii maana nikiikatiza katikati sitairudia tena.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naitwa Aikande, kwetu ni Machame lakini niko Arusha tangu nilipokuja kushona katika kiwanda ambacho baadaye kiliuzwa na sisi tukapunguzwa, na siku hizi nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka Kwa Mrombo, karibu na soko, nashona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la tatu. Siombi unihurumie kwa hilo, nimeshalizoea, ila nataka ujue nilivyoishi, maana bila hivyo utaniona mwongo tu. Nilipokuwa nakaa kwa kaka yangu Themi, mke wake alinitengea kikombe, kikatundikwa kwenye msumari wake peke yake na watoto wakaambiwa wasikiguse, na wala hakuwa mtu mbaya, Mzee, alikuwa akinifulia nguo nikianguka, lakini kikombe kilikaa pale mpaka nilipohama. Wanaume wawili walikuja kuniposa, wakasikia habari zangu, hawakurudi. Sasa nina chumba changu cha kupanga, nakula peke yangu, na usiku huwa siweki komeo mlangoni ili nikianguka mtu aweze kuingia, ingawa sijui ni nani huyo atakayeingia.

Kliniki ninakochukua dawa, tangu tuanze kuchangia matibabu, vidonge vinakuja na kwisha, na vikiisha mwenye uwezo anaambiwa akanunue duka la dawa mjini na asiye na uwezo anakata kidonge nusu au anasubiri, na wanaosubiri ndio wale unaowaona benchini wameungua mikono kwa kuangukia mafiga. Ndipo nikapata wazo. Kila mara naletewa kadi za mchango, za harusi, za kipaimara, za kumuaga mtoto wa fulani anayekwenda masomoni, nikasema na mimi nitachapisha yangu, kwamba nitatembea kwa miguu kutoka Maji ya Chai mpaka Ngaramtoni kwa siku moja, kwa barabara kuu, mchana kweupe, na watu wanichangie kwa matembezi hayo, fedha yote ikanunue vidonge vya kliniki. Tangu utotoni nimekatazwa moto, nimekatazwa mto, nimekatazwa ngazi, kutembea tu ndiko hakuna aliyekumbuka kunikataza. Nilitaka watu wamwone mtu mwenye kifafa akipita mbele yao kwa miguu yake.

Kadi nikazipeleka usharikani. Unajua kwetu ibada ikiisha tunatoka nje kunadi sadaka za vitu, mayai, maziwa, kuku, ndizi. Miaka yote mkungu wangu ukiinuliwa watu huangalia viatu vyao, mpaka mchungaji anaununua kwa huruma, na siku moja nilipita nyuma ya nyumba yake nikaona ng'ombe ndio wanaolishwa. Anayenadi ni mzee wa kanisa anayeitwa Philemoni, mtu wa utani sana, na siku hizi ana uchungu kwa sababu vijana wetu wengi wamehamia kwenye mahubiri ya hemani ambako watu wanaombewa na kupona kila jioni kwa vipaza sauti. Jumapili hiyo akauinua mkungu wangu, akasoma kadi yangu kwa sauti, halafu akaniuliza mbele ya watu wote, "Binti Aikande, mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini?"

Nikasema sijaanguka tangu kabla ya Krismasi, na ilikuwa kweli, dawa zilikuwa zimenikaa vizuri.

Akaruka juu. "Mnasikia? Ameponywa! Wale wa hemani wana vipaza sauti, sisi tuna Aikande! Nani anaanza?"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, na mkungu ukaanza kupanda bei, kina mama wawili wakaugombania mpaka mmoja akamwambia mwenzake, "Niachie shoga, hata mimi naitaka baraka hiyo nyumbani kwangu," na Mzee Philemoni akamjibu, "Baraka ya ahadi hatuna leo, mama, fungua pindo la kanga!" Mimi nilikuwa nimesimama pale nataka kusema, baba, sikuponywa, nameza vidonge. Lakini yule mama, ambaye miaka yote tukikaa benchi moja huweka mkoba wake katikati yetu, akanipa mtoto wake nimshike ili afungue pindo atoe pesa. Mzee, mimi sijawahi kupewa mtoto wa mtu. Alikuwa mzito, ana joto, akanishika sikio. Nikanyamaza.

Tangu siku ile, ni miezi sasa, nasalimiwa, naalikwa chai, natolewa mbele kushuhudia, na nikishuhudia nasema tu namshukuru Mungu, hayo mengine wanayaongeza wenyewe. Na ili nisiwe mwongo nikaacha dawa. Nilijiambia pengine ni kweli nimepona, na nitajuaje kama bado nameza?

Basi asubuhi moja nikiwa kwenye mazoezi ya kutembea, kwenye barabara ya Ngaramtoni, nikaangukia kwenye mfereji wa maji kando ya barabara. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, kichwa changu kiko juu ya shuka lililokunjwa, na mama mmoja wa Kiarusha muuza maziwa ameketi karibu yangu na vibuyu vyake, ananifukuzia nzi usoni.

Nikamwuliza, "Umenigusa?"

Akasema, "Sasa ningekutoa majini kwa kutumia nini, macho?"

"Huogopi?"

"Naogopa maziwa yangu kushikwa na jua. Kaa kwanza, usikimbilie kusimama. Kaka yangu Meitamei alikuwa hivi hivi, akiamka anataka kukimbia kama ameiba."

Anaitwa Nosim, hupita hapo kila asubuhi na maziwa yake. Hakuniuliza mimi ni nani wala naabudu wapi. Nilirudi nyumbani ulimi umekatika, watu wakauliza nikasema nimejing'ata nikila nyama.

Hata hilo ningelibeba. Lakini juzi alinifuata kwenye cherehani Evaresta, mama tunayejuana naye kutoka benchi la kliniki, anauza ndizi mbivu kituoni Maji ya Chai, na binti yake Nice wa darasa la nne ana kifafa kama changu. Alikuwa anang'aa uso. Akasema, "Dada Aikande, habari zako zimefika mpaka kwetu. Hebu niambie, wewe dawa uliacha lini?" Nikamjibu, "Muda kidogo." Akanikumbatia. Akasema basi na yeye hatamlisha tena mtoto vidonge vile vinavyomlaza darasani, akaondoka anaimba. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Na kamati ya usharika nayo sasa inasema kwa kuwa Mungu ameshatuonyesha, fedha za kadi zingefaa kununua vipaza sauti vya kanisa, dawa ni kazi ya serikali.

Matembezi ni mwezi ujao. Ninyamaze mpaka niyamalize ndipo niseme, au nisingizie mguu niyaahirishe? Nikisema ukweli narudi kwenye benchi langu na mkoba katikati. Sitaki kurudi kule, Mzee. Nisaidie.

Aikande, Kwa Mrombo


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Kwanza wasomaji: majina yote nimeyabadili na mitaa nimeichanganya, kwa hiyo msianze kutafutana Jumapili. Na wewe binti, jibu hili nimelituma pia kwa sanduku la posta uliloandika, kwa sababu yaliyomo hayawezi kusubiri gazeti.

Kesho asubuhi nenda kliniki. Waeleze kwamba uliacha dawa na kwamba umeanguka, wao ndio wakwambie uanze tena vipi. Usijipangie mwenyewe, na usimeze vingi kwa mkupuo ili kufidia ulivyoviruka. Nitakufafanulia kwa nini nina haraka. Kifafa ni hitilafu katika ubongo: chembe zake, ambazo kwa kawaida hupeana ishara kwa utaratibu, hufyatuka zote kwa pamoja, na mwili hufuata. Vidonge hivyo huutuliza ubongo, nao ubongo huvizoea. Ukiviondoa ghafla unaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo, tena mara kwa mara bila kuzinduka katikati, na watu hufa kwa hali hiyo. Wewe ulifanya jaribio hilo peke yako, kando ya mfereji wenye maji. Unauliza ungejuaje kama umepona wakati bado unameza. Ungemwuliza daktari! Anayevaa miwani akasoma vizuri haitupi miwani ili ahakikishe kama macho yamepona. Kutoanguka tangu Krismasi kulionyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hakukuonyesha zaidi ya hapo.

Ukitoka kliniki usirudi kwenye cherehani. Panda gari uende Maji ya Chai, umtafute Evaresta.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na mengi nimekusamehe nikiwa bado nasoma. Hili la "muda kidogo" sijaweza. Hakuna uongo ndani yake, na ndiyo maana limenikasirisha: ulichagua maneno ambayo hakuna atakayeweza kukushika nayo, ukamwacha mama wa watu aondoke akiimba kwenda kumnyima mtoto dawa. Mwambie waziwazi. Mwambie, "Niliacha dawa nikaanguka. Mrudishe Nice kliniki leo, mimi nitakwenda nanyi." Na kama vidonge vinamlaza mtoto darasani, hilo nalo lina dawa yake: waeleze kliniki, wanaweza kubadili kipimo au saa ya kumeza. Huenda Evaresta akakutukana kituoni mbele ya abiria. Msikilize mpaka amalize, kisha mwende.

Sasa kanisani. Mimi ni mtu wa kanisani vilevile, na sina ugomvi na maombi. Anayeombewa akaendelea na dawa hajamkosea Mungu imani. Huyo mzee wenu wa mnada nadhani simchukii, kwa sababu namfahamu, yupo katika kila usharika. Ameona vijana wanaondoka na viti vinabaki, akaona mkungu wa ndizi na mwanamke mwenye afya, akaunganisha. Alikosea. Lakini kosa lake lilidumu kwa dakika chache za utani, la kwako lina miezi. Usimsubiri aje akurekebishe, yeye hajui chochote.

Na hebu liangalie jambo lenyewe lilivyopinduka. Ulichapisha kadi ili watu wapate vidonge. Sasa wewe ndiwe unayeonyeshwa kama ushahidi kwamba vidonge havina kazi, na kamati imeshafika kwenye vipaza sauti. Hawakuchelewa kufika huko, wala siwalaumu sana: mtu akiambiwa ugonjwa umeondoka wenyewe, kwa nini anunue dawa? Kadiri utakavyozidi kunyamaza ndivyo matembezi yako yatakavyozidi kuwadhuru wale wa benchi la kliniki. Ndiyo maana siwezi kukubali utembee kwanza ndipo useme. Mguu wa kusingizia nao siutaki, umeshatosha ule ulimi wa kujing'ata kwa nyama.

Nenda kwa mchungaji katikati ya wiki, nyumbani kwake au ofisini, kabla ya Jumapili. Mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, na umwombe nafasi ya kusema baada ya matangazo. Mchungaji hapendi kushtukizwa mbele ya watu, na hiyo ni haki yake. Kuhusu fedha, mkumbushe kwa upole kwamba kadi imeandikwa dawa. Waliotoa walitoa kwa maandishi hayo. Kamati ikitaka vipaza sauti ichapishe kadi zake, hata mimi nitachangia, nasikia mahubiri ya kwenu hayafiki nyuma. Ikishindikana kabisa, warudishie watu michango yao, na chochote kitakachobaki kipeleke kliniki mwenyewe ukapewe risiti.

Kutembea, tembea. Sioni sababu ya mtu mwenye kifafa kukaa kibarazani maisha yake yote. Ila mpaka kliniki ikuruhusu baada ya kuanza dawa tena, hata kama ni kuahirisha mwezi mmoja au miwili. Na siku hiyo usitembee peke yako kando ya magari. Lala vya kutosha usiku wa kuamkia siku hiyo, maana uchovu na kukosa usingizi humwangusha mwenye kifafa. Kunywa chai nzito kabla ya kuondoka, beba maji, pumzika Tengeru na pumzika mjini. Umwombe huyo mama wa maziwa atembee nawe, hata kipande tu cha barabara. Ukamngojee anapopita, umwambie jina lako kamili na shida yako. Anajua la kufanya mtu anapoanguka, na wengi waliosoma hawajui.

Kwa hao wengine nitaeleza hapa, ili gazeti hili lifanye kazi. Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwenye povu la mdomo, hakipiti kwenye kikombe, wala kwa ule upepo wa tumboni ambao watu hunong'ona kwamba mgonjwa akiutoa walio karibu wataupata ugonjwa. Nimesikia habari hiyo ya upepo tangu nikiwa mtoto, na ingekuwa kweli wauguzi wetu wote wangekuwa wanaanguka mawodini. Mtu akianguka, msogezee mbali mawe, moto na maji. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnywishe kitu, usimkandamize. Kaa naye mpaka azinduke. Ikipita kama dakika tano hajaacha kutupatupa viungo, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta gari apelekwe hospitali. Basi. Hakuna kazi hapo inayohitaji ujasiri zaidi ya kukaa.

Sasa nije kwenye lile ulilolizungushia mengine yote. Unaniuliza juu ya matembezi, lakini unachokiogopa ni lile benchi. Nakuelewa, na sitakudanganya. Utakaposema, baadhi ya waliokualika chai hawatakualika tena. Wapo watakaosema ulitumia jina la Mungu kuchuma, na mchana huo huo habari itafika sokoni. Yule mtoto huenda usipewe tena kumshika. Ningekuwa nakaa mtaa wenu ningekuja kukaa karibu nawe siku hiyo, lakini siko huko, na barua haikai benchini.

Lakini jiulize walikuwa wanamkumbatia nani. Walimkumbatia mwanamke asiye na kifafa, na mwanamke huyo hayupo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake ukimwonea wivu. Huo nao ni upweke, na ni mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza walikuwekea watu, huu ulijiwekea mwenyewe na kila siku unaupalilia. Mtu mmoja tu tangu Krismasi amekugusa akijua anagusa nini, na alikuwa anawahi sokoni. Anza na huyo. Evaresta akishatulia hasira anaweza kuwa wa pili, maana ninyi wawili mna jambo la kuongea ambalo wa usharika hawalijui. Idadi hiyo ni ndogo. Naijua ni ndogo.

Siku ya kusema usihubiri, usilie kwa makusudi, na usimtaje mzee wa mnada. Simama mahali pako, usiende mbele. Sema, "Nina kifafa. Sikuponywa, nilikuwa nameza dawa, nikaacha kwa sababu ya maneno yenu mazuri, nikaanguka. Sasa nameza tena. Nitatembea ili wengine wapate dawa hizo. Anayetaka mchango wake anirudie nitamrudishia." Ukimaliza, keti. Usigeuke kuangalia nani amesogea na nani amebaki. Mchungaji atataja wimbo unaofuata. Ufungue, uimbe na wewe, beti zote mpaka ule wa mwisho.